Usimpe kiziwi jibu kwa mikono yako

Mwaka wangu wa kwanza kwenye kitengo cha viziwi, darasa la nne zima lilipata swali la tatu la sayansi. Nilifurahi, mpaka nilipoikumbuka mikono yangu. Swali liliuliza kiungo cha kunusia, na mimi katika kulitafsiri kwa lugha ya alama nikapeleka mkono puani.

Siku hizi nauliza hivi: mama hajafunua sufuria, ila umejua wali unaungua, umetumia kiungo gani? Majibu ya kuchagua nayaacha kwenye karatasi, maana kiungo cha mwili ukikitaja kwa alama unakigusa. Maumbo nayo yana mtego huohuo. Pembetatu utaichora tu hewani, basi itaje kwa herufi za vidole, moja moja.

Usitafsiri papo hapo. Mtoto hawezi kutazama karatasi na mikono yako kwa pamoja. Rekodi siku moja kabla kwa kishikwambi, kila swali na video yake ikianza na namba, ili kila mtu arudie anapotaka. Vaa shati la rangi moja isiyofanana na ngozi yako, na dirisha uliangalie, usilipe mgongo. Chaji usiku; umeme wetu mnaujua. Mimi nina vishikwambi vitatu kwa watoto saba, kwa hiyo wanaingia kwa makundi, na waliomaliza nawapeleka nyuma ya jengo. Viziwi hunong'onezana dirishani wakiwa mbali kuliko unavyodhani.

Kabla ya mtihani, mwoneshe video hizo kiziwi mtu mzima unayemwamini. Ukimwuliza kama ameelewa, atakuitikia kwa adabu. Mwambie akueleze swali linataka nini. Kwangu neno "isipokuwa" ndilo lililoangushwa mara nyingi, sasa naandika "kipi SI" na kwenye video natikisa kichwa waziwazi.

Dakika kumi zikibaki, ziandike ubaoni kisha zima na kuwasha taa.

Kwenye kusahihisha sayansi, aliyeandika "maji chemsha, wadudu kufa" anajua kwa nini tunachemsha maji. Mpe alama zake zote, sarufi ina mtihani wake. Na katika mtihani huo wa Kiswahili, kifungu cha ufahamu usikitafsiri hata wakikuangalia kwa huruma, kwa sababu kinachopimwa pale ni kusoma. Mimi natafsiri maelekezo, halafu naweka mikono mfukoni.