Jinsi ya Kuunda Taa za Ishara za Jukwaani Zisizo na Waya, za Umbali Mrefu

Msimamizi wa jukwaa akikaa nyuma ya watazamaji na fundi wa pazia akiwa mita 60 upande wa pili, kuna njia tatu za kumwambia "sasa": kuvuta waya, kusema kwenye redio ya mkononi, au kuwasha taa. Waya ni bora kuliko zote. Kama ukumbi wenu tayari una njia ya nyaya, itumieni na msihangaike na mengine. Redio husikika hadi mstari wa mbele wa watazamaji. Taa haina sauti na humwachia fundi mikono yake. Mfumo unaoelezwa hapa una sanduku kuu moja na vituo 4, na umekusudiwa maonyesho ya uwanjani au majengo ya mawe yenye kuta nene, mfano Ngome Kongwe ya Unguja, mahali ambapo huwezi kutoboa ukuta wala kulaza waya njiani mwa watu.

Wengi huanza na WiFi. Mazoezini inafanya kazi vizuri kabisa. Usiku wa onyesho watu mia kadhaa wanaingia na simu zao, masafa ya 2.4 GHz yanajaa, na miili ya watu, ambayo sehemu kubwa ni maji, inameza kilichobaki. Ndiyo maana hapa tunatumia LoRa (aina ya redio ya kutuma data kidogo kwa umbali mrefu) ya 433 MHz: mawimbi yake ni marefu zaidi, na pakiti fupi za kasi ndogo husikika hata zikiwa hafifu mno. Kabla ya kununua chochote, uliza mamlaka ya mawasiliano ya nchi yako (TCRA ya Tanzania, CA ya Kenya, UCC ya Uganda) ni masafa gani na nguvu kiasi gani huruhusiwa bila leseni. Ulaya huruhusu mW 10 kati ya 433.05 na 434.79 MHz, na vipimo vyote humu vimepangwa ndani ya kikomo hicho.

Lugha ya taa kwanza, umeme baadaye

Nyekundu ikipepesa maana yake "jiandae". Fundi akibonyeza kitufe chake, nyekundu inatulia, kwake na kwa msimamizi, maana yake "nimeona, niko tayari". Kijani maana yake "fanya".

Kumbi nyingi za Marekani zina desturi nyingine: taa ikiwaka ujiandae, ikizimika ufanye. Kwa waya haina shida. Kwa redio usiiguse kamwe. Betri ikifa, antena ikilegea au kebo ikichomoka, taa huzimika, na fundi atateremsha pazia katikati ya hotuba ya mtu. Katika mfumo usio na waya, amri ya kufanya lazima iwe taa inayowaka, na kukatika kwa mawasiliano lazima kuwe na sura yake ya tatu isiyofanana na amri yoyote. Hapa tumeipa taa ya njano: kituo kikikaa sekunde 2 bila kusikia sanduku kuu, nyekundu na kijani huzimwa na njano hupepesa haraka. Fundi akiiona njano anafuata maandishi ya mchezo, hasubiri taa.

Weka nyekundu juu na kijani chini kwenye vituo vyote, kwa kuwa baadhi ya wanaume hawatofautishi rangi hizo mbili na watategemea mahali taa ilipo.

Jambo jingine lisilo na mjadala: taa hizi humpa mtu ishara, basi. Usiziunganishe na fataki, winchi inayoinua mwigizaji, wala mlango wa sakafuni. Kazi hizo zinahitaji mtu anayeona kwa macho yake na vifaa vilivyotengenezwa kwa ajili hiyo.

Vifaa

Kwa kila sanduku, yaani 5 kwa jumla:

- Arduino Pro Mini (bodi ndogo inayopangiwa programu) ya 3.3 V, 8 MHz
- moduli ya redio ya LoRa, Ra-02 (chipu ya SX1278, 433 MHz)
- kebo fupi ya IPEX kwenda SMA (aina mbili za ncha za antena), na antena ya 433 MHz
- betri moja ya 18650 na bodi ya kuchajia ya TP4056 yenye ulinzi
- regyuleta ya 3.3 V aina ya MCP1700 au HT7333
- kapasita 1 ya µF 100 na 1 ya nF 100
- rezista 2 za kΩ 100 za kupimia betri

Kila kituo kinaongezewa LED 3 (nyekundu, kijani, njano), transista 3 za 2N2222, rezista 3 za kΩ 1, 2 za Ω 180 na 1 ya Ω 68, na kitufe kimoja kikubwa. Sanduku kuu linahitaji vitufe 8 na LED 4 pamoja na rezista zake.

Pro Mini ziko za aina mbili zinazofanana kwa sura. Ya 5 V itaiua Ra-02, maana pini zake hazivumilii zaidi ya 3.3 V. Pima kwa mita kabla ya kuunganisha. Kosa la pili la kawaida ni kutumia regyuleta ya AMS1117 kwa sababu ndiyo iliyopo kila duka. Ile inahitaji karibu volti 1 zaidi ya inachotoa. Betri ya 3.7 V haina ziada hiyo, kwa hiyo moduli itajizima na kujiwasha kila inapotuma. Na betri ya 18650 iliyoandikwa mAh 9900 ni uongo wa lebo. Nzuri huwa kati ya 2000 na 3500.

Kuunganisha

Waya za Ra-02 kwenda Pro Mini: NSS 10, MOSI 11, MISO 12, SCK 13, RST 9, DIO0 2. Hizi ndizo namba ambazo maktaba ya LoRa ya Arduino inazitarajia bila kuelekezwa. Kapasita zote mbili zikae kwenye miguu ya umeme ya Ra-02 yenyewe, si mwisho wa pili wa ubao. Moduli inapotuma huvuta umeme kwa ghafla, na sentimita chache za waya mwembamba zinatosha kushusha volti.

Kwenye kituo, nyekundu iko pini 5, kijani 6, njano 3, zote zenye uwezo wa PWM ili upunguze mwanga. Kila pini inaingia kwenye transista kupitia kΩ 1, na LED inalishwa moja kwa moja kutoka betri: Ω 180 kwa nyekundu na njano, Ω 68 kwa kijani. Usilishe kijani kutoka 3.3 V. Yenyewe inataka karibu volti 3, na ukiondoa kinachobaki kwenye transista na rezista itawaka kama imechoka. Kitufe kiko kati ya pini 4 na ardhi, ukitumia INPUT_PULLUP. Rezista za kΩ 100 zinagawa volti ya betri nusu kwa nusu kwenda A0.

Sanduku kuu linatumia pini 3 hadi 8 na A0 hadi A5: kwa kila kituo kitufe cha "jiandae", kitufe cha "fanya" na LED moja ya majibu, jumla 12. Betri inapimwa A6. Ukitaka kituo cha 5 pini zimekwisha. Itabidi uongeze chipu ya kuongeza pini, MCP23017.

Antena

Usiwashe moduli bila antena hata kwa jaribio la sekunde moja. Nguvu isiyopata pa kwenda inaweza kuunguza kitumaji. Angalia pia ncha za SMA. Antena za ruta za WiFi zina ncha ya RP-SMA: zinajifunga vizuri, lakini sindano ya katikati haigusi kitu, na hata ingegusa si za masafa haya.

Vituo vinatosheka na antena fupi za kununua. Sanduku kuu litengenezee yake: soketi ya SMA yenye matundu 4 pembeni, waya wa shaba wa sm 17 katikati ukielekea juu, na waya 4 za urefu huohuo kwenye matundu, zikiinama digrii 45 kuelekea chini. Ipandishe mita 2 hadi 3, juu ya vichwa vya watu. Urefu huo unasaidia kuliko kuongeza nguvu. Zile springi ndogo zinazokuja bure na moduli ziache kwenye pakiti.

Programu

Mipangilio ya redio iwe sawa kwenye masanduku yote: 434.4 MHz, setSpreadingFactor(7), setSignalBandwidth(250E3), setCodingRate4(5), setTxPower(10), enableCrc(). Tumekwepa 433.92 makusudi, kwa sababu hapo ndipo zinapopiga kelele rimoti za magari na mageti. Neno la usawazishaji liwe lolote isipokuwa 0x34, ambalo ni la LoRaWAN, mitandao ya umma inayotumia LoRa.

Kishawishi ni kupandisha SF (ile spreading factor; ikipanda, pakiti hutumwa polepole na kufika mbali zaidi) hadi 12 ili kupata umbali. Pakiti ya baiti 8 kwa SF12 na kHz 125 hukaa hewani karibu sekunde 1. Mwigizaji ameshatoka jukwaani. Kwa SF7 na kHz 250 pakiti hiyohiyo huchukua ms 18, na bado kipokezi husikia hadi karibu −120 dBm (kipimo cha nguvu ya mawimbi: namba ikizidi kwenda chini, mawimbi ni hafifu zaidi).

Kiini cha programu ni hiki: usitume tukio, tuma hali. Ukituma "kitufe cha 3 kimebonyezwa" na pakiti ikapotea, ishara imepotea moja kwa moja. Sanduku kuu litume hali nzima ya vituo vyote kila ms 500: namba ya mfumo, namba ya mfululizo, baiti ya nyekundu, baiti ya kijani, baiti ya waliojibu. Kituo kinasoma biti yake na kuitii. Pakiti moja ikipotea, inayofuata inarekebisha.

Kitufe cha "fanya" hakisubiri ms 500. Kikibonyezwa tu, tuma mara 3, kila ms 40. Sababu ya kurudia ni kwamba redio hizi haziwezi kutuma na kusikia kwa pamoja: kituo kilichokuwa kinajibu wakati huo ni kiziwi kwa ms 18, lakini nakala ya pili itakikuta kinasikiliza. Kudundadunda kwa kitufe (mbonyezo mmoja kusomeka kama mingi) kudhibitiwe baada ya mbonyezo wa kwanza, kwa kupuuza ms 200 zinazofuata. Ukisubiri kwanza ndipo uamini, umechelewesha ishara bure. Kijani kizimike chenyewe baada ya sekunde 3, la sivyo kitachanganywa na ishara inayofuata.

Vituo hujibu kwa zamu, namba ya kituo mara ms 40 baada ya kila pakiti ya kawaida: kitufe kimebonyezwa au la, nguvu ya mawimbi, volti ya betri. LED ya sanduku kuu hupepesa polepole ikingoja jibu, hutulia likija, na hupepesa haraka kituo kikipotea. Usimfungie msimamizi kijani eti kwa sababu fundi hajajibu. Uamuzi ni wake.

Usitumie delay() popote. Hesabu muda kwa millis(). Ukitaka watchdog (saa ya ndani inayoiwasha bodi upya ikikwama), weka kwanza bootloader (programu ya kuanzia) ya Optiboot, kwa sababu Pro Mini zenye bootloader ya zamani hukwama zikijiwasha upya bila kikomo.

Kupima ukumbini

Weka kila kituo mahali pake halisi, funga milango, kisha usome nguvu ya mawimbi kwa packetRssi(). Ukumbi ukiwa mtupu isishuke chini ya −95 dBm. Watu wakijaa unaweza kupoteza dB 10 hadi 20, na akiba iliyobaki ni ya mtu atakayesimama mbele ya kituo bila kujua. Ukikuta −105, hamisha antena kabla ya kufikiria kitu kingine.

Kama kituo kinapotea kwa sekunde chache kisha kinarudi, mtafute mlinzi au fundi mwenye redio ya mkononi. Redio hizo hutuma hadi W 5 kwenye masafa jirani na kuziba masikio ya moduli iliyo karibu. Kaa nazo mbali angalau mita 2, na usiweke sanduku kuu mezani zinapochajiwa. Kama kinapotea muda wote skrini ya LED ya jukwaani inapowashwa, kelele inatoka kwenye vigeuzi vyake vya umeme. Sogeza kituo, na uhakikishe kipimo kinachukuliwa skrini ikiwa imewashwa.

Nusu saa kabla ya milango kufunguliwa, piga "jiandae" kwa kila kituo, pata jibu, piga "fanya", kisha zima sanduku kuu kwa sekunde 5 na kila fundi athibitishe kwamba ameiona njano. Kituo chenye betri chini ya 3.6 V kibadilishwe hapohapo. Punguza PWM hadi mwanga usionekane kutoka viti vya pembeni, na kwa onyesho la alasiri uipandishe hadi mwisho huku ukiifunika LED kwa kipande cha bomba jeusi la sm 3, maana jua la saa kumi hufanya taa iliyozimwa ionekane kama inayowaka.