SOMO: Kujibu maswali ya grafu ya mstari bila kubahatisha

Naulizwa swali lile lile kila siku: "Nimesoma grafu vizuri, mbona nimekosa?" Naandika mara moja. Atakayeuliza tena nitamwelekeza hapa.

1. Soma kichwa cha grafu.

2. Soma kila mhimili unapima nini, na kwa vizio gani.

3. Tafuta thamani ya kijisanduku kimoja. Hapa ndipo nilipoanguka mimi. Grafu ilikuwa ya maji yanayochemshwa: dakika chini, nyuzi za Selsiasi wima. Swali: dakika ya 6 joto lilikuwa nyuzi ngapi? Nikapanda kutoka 6 hadi kwenye mstari, nikakata kushoto, nikahesabu vijisanduku vitatu juu ya 40, nikaandika 43 kwa mbwembwe. Kumbe kati ya 40 na 60 mlikuwa na vijisanduku 5. Gawanya 20 kwa 5: kila kimoja ni nyuzi 4. Jibu lilikuwa 52. Maswali mawili yaliyofuata yalitegemea hiyo 43 yangu, nayo yakaenda na maji.

ANGALIZO: piga hesabu hiyo kwa kila mhimili, skeli hazilazimiki kufanana. Tena tazama unaanzia wapi. Mhimili wima ukianzia 40 badala ya 0, badiliko dogo tu litaonekana mlima.

4. Pigia mstari neno linaloamua. "Juu zaidi" ni kilele. "Lilipanda kwa kasi zaidi" ni pale mstari unaposimama wima kuliko kwingine. Usivichanganye.

5. Andika jibu na kizio chake.

MASWALI

— Kaka, swali la 4 jibu lake ngapi?
Swali la 4 la mtihani gani? Grafu iko wapi?

— Hatua ya 3 ndefu mno, wengine tunaijua.
Anayeijua airuke. Sikumwandikia yeye.

— Asilimia ya ongezeko nagawanya kwa namba ipi?
Ya mwanzo. Kutoka 40 hadi 52 ni ongezeko la 12. 12 gawanya kwa 40, zidisha kwa 100, ni 30%. Ukigawanya kwa 52 utapata kama 23, na kwenye maswali ya kuchagua usishangae ukiikuta hiyo 23 inakusubiri.

— Mwalimu, mstari umeishia dakika ya 10, swali linataka ya 14. Naurefusha kwa rula?
Hapo umefikiri. Ukiambiwa "kadiria", urefushe kwa nukta nukta, ila kumbuka kinachopimwa. Sufuria ikiwa wazi, maji yakifika karibu nyuzi 100 yanachemka na mstari unalala, hata moto uwe mkali vipi, kwa sababu joto lote linatumika kuyageuza kuwa mvuke. Rula itakufikisha 130, maji hayafiki.

— Na nisipokuwa na rula?
Kona ya karatasi. Laza ukingo mmoja kwenye mhimili wa chini, ule mwingine utasimama wima wenyewe hadi kwenye mstari. Karatasi chakavu lakini, si ya majibu.