Kabla Kiangazi Hakijakaza: Mambo ya Kuzingatia kwa Askari wa Hifadhi za Kandoni mwa Ziwa

Kijana anayepangiwa kituo kandoni mwa Ziwa Victoria kwa mara ya kwanza huja na picha ya doria kichwani: bunduki, nyayo, majangili. Haipiti miezi miwili kabla hajajikuta amezima moto wa nyasi, amemtoa mvuvi majini, amesikiliza kesi ya ng'ombe walioingia hifadhini, kisha ameshinda mahakamani akisubiri kutoa ushahidi. Na yote hayo yanafanywa na watu walewale wachache, kwa boti ileile na pipa lilelile la mafuta. Hilo ndilo ninaloomba ulishike kabla ya jingine lolote: kila tukio linakula akiba ya tukio linalofuata. Maandalizi ya kweli ni kuhakikisha moto wa mchana haumalizi kile utakachokihitaji usiku mtu akizama.

Kiangazi cha huku hukolea kati ya Juni na Septemba, kwa hiyo mwezi wa kujipanga ni Mei, nyasi zikiwa bado na ubichi. Anza kwa kulifahamu eneo lako lenyewe, maana mpango wa hifadhi moto hauhamishiki kwenda nyingine. Kisiwa cha Saanane, kilichopandishwa kuwa Hifadhi ya Taifa mwaka 2013, kina kilomita za mraba 2.18 tu pamoja na maji yake, na mji wa Mwanza uko palepale ng'ambo. Moto ukiwaka pale, jambo la kwanza ni wageni: wako wangapi, wako upande gani, na boti gani inawatoa. Kisiwa cha Rubondo, Hifadhi ya Taifa tangu 1977, ni kilomita za mraba zipatazo 456 pamoja na maji yake, msitu mnene wenye sokwe na nzohe (swala wa majini). Huko msaada wa mjini usiuweke kwenye hesabu ya saa za mwanzo. Upande wa Ndabaka, ambako Serengeti inakaribia Ghuba ya Speke, una nyika ya nyasi, una barabara ya Mwanza–Musoma ambayo moshi unaweza kuifunika, na una tembo wanaovuka kwenda mashambani. Ukinakili mpango wa mwenzako, utakuwa umejiandaa kwa ajili ya hifadhi yake.

Sasa moto, na hapa nitakaa kidogo.

Ukitaka kuzima moto wa kandoni mwa ziwa, jifunze upepo kabla ya kujifunza kushika fyekeo. Usiku hadi alfajiri upepo hutoka nchi kavu kwenda majini. Jua likishapanda, ardhi hupata joto upesi kuliko maji, na upepo hugeuka kuja nchi kavu. Kwa hiyo moto ulioukuta saa 3 asubuhi ukielekea ziwani, ukakufurahisha kwamba utajifia ufukweni, unaweza kugeuka mchana na kupanda kilima ukikufuata. Na moto unaopanda hukimbia, kwa sababu miali inazilalia nyasi za juu na kuzikausha kabla haijazifikia.

Mwaka wangu wa kwanza, mwezi wa Agosti, tulikuwa watu sita kwenye kilima cha mawe, yale mawe makubwa yaliyobebana kama Jiwe la Bismarck pale mjini. Moto wa kwenye mawe unadanganya. Unaona umezimika mbele yako, kumbe unatambaa kwenye nyasi zilizo ndani ya nyufa na kuchomoza nyuma. Pimbi walikuwa wanatoka mmojammoja upande ambao sisi tuliuona salama. Hatukujiuliza wanakimbia nini. Ilipofika saa 7 mchana upepo ulikatika kabisa, ukawa utulivu wa kusikia nyasi zikipasuka. Mzee mmoja wa kijijini aliyekuja kusaidia alikuwa amekaa juu ya jiwe, hana panga wala tawi, anatazama tu, na mimi moyoni nilishamhesabu kuwa mvivu. Ni yeye aliyesimama na kupaza sauti: "Afande, umegeuka! Rudini kwenye majivu!" Tukakimbilia pale palipokwisha kuungua, tukasimama tumeinama, joto likipenya soli za viatu, na moto ukapita mahali tulipokuwa dakika chache kabla. Mwenzangu alikuwa amevaa jaketi la nailoni. Mkono wa jaketi ulinywea ukamnata kwenye ngozi kama gundi, na kovu lake analo mpaka leo.

Kila ninachofundisha kuhusu moto kichaa kimetoka kwenye kilima kile. Kabla ya kikosi kuusogelea moto, mtu mmoja awekwe juu, kazi yake iwe kutazama tu, na awe na radio au filimbi. Kila mzimaji ajue njia mbili za kutoka, na ajue kwa kuonyeshwa kwa kidole ni wapi pa kukimbilia. Mahali pazuri kuliko pote huwa ni palipokwisha kuungua. Nguo ziwe za pamba, buti ziwe za ngozi, nailoni ibaki kituoni. Wanakijiji wanaokuja na kandambili wapewe kazi ya maji na ya kulinda upande uliokwisha zimwa, wasipelekwe mstari wa mbele hata wakisisitiza. Kila mtu ahesabiwe kwa jina wakati wa kuingia na wakati wa kutoka.

Barabara za kuzuia moto zisafishwe kabla nyasi hazijakauka, na kama mpango wa hifadhi unaruhusu uchomaji wa mapema, ufanyike wakati moto bado unatambaa polepole na kuacha mabaka mabichi. Fyekeo zinolewe. Mabomba ya mgongoni yajazwe maji na kupigwa kwa majaribio, kwa sababu mpira wake hupasuka ukikaa mwaka mzima stoo. Na nenda kaongee na wanaowasha moto. Warina asali unawafahamu, wachoma mkaa unawafahamu, wafugaji wanaotaka majani mapya unawafahamu. Kikao kimoja cha Mei chini ya mti, ukiwaamkia wazee vizuri na kuwasikiliza kwanza, kimeniokolea hekta nyingi kuliko doria za Agosti.

Ziwa nalo. Kabla hujagusa injini, andika kwenye ubao wa kituo nani anajua kuogelea. Wengi wetu tumetoka mikoa isiyo na maji mengi, na mtu huona haya kusema. Asiyejua hafukuzwi, anafundishwa, na kabla hajajua hapandi boti bila boya lililofungwa kifuani. Mafuta yagawe mafungu matatu: la kwendea, la kurudia, na la tatu lisiguswe. Usiku mmoja boti yetu ilirudi kutoka doria ya makokoro (nyavu haramu za kukokota) ikiwa karibu kavu, na kabla hatujafunga kamba simu ikaingia: mtumbwi umepinduka. Tulikwenda kwa mafuta ya kuazima kwa wavuvi, wao wakamimina kutoka kwenye injini zao bila kuuliza nani atawalipa. Watatu tuliwakuta wameng'ang'ania ubavu wa mtumbwi. Tangu hapo nikiwa zamu hakuna aliyegusa fungu la tatu.

Magugu maji nayo yaingie kwenye mpango. Mwalo, yaani pa kuegeshea mitumbwi, uliokuwa wazi jana unaweza kufunikwa leo upepo ukiyasukuma, na panga la injini likijinasa humo unabaki na kasia. Kwa hiyo kasia mbili, kamba ndefu, kisu na tochi visitoke botini. Utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA) kwa watumiaji wa ziwa usomwe kila jioni, ila muulize pia mzee wa mwaloni. Yeye hutazama wingu la upande gani limesimama, na dhoruba nyingi za ziwa hili hupiga usiku na alfajiri.

Kuhusu sheria, kosa kubwa la vijana ni kudhani kukamata ndio mwisho. Kesi nyingi huvunjika kwa sababu ya karatasi. Kabla ya doria beba hati za ukamataji mali, kalamu mbili, mifuko ya vielelezo, na mfuko wa nailoni wa kuvikinga na maji (huo ndio nailoni ninayoikubali). Tafuta shahidi huru aone kinachochukuliwa na atie saini palepale. Andika nani alipokea kielelezo kutoka kwa nani, saa ngapi. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai imeweka saa 4 za msingi za kumhoji mtuhumiwa tangu anapozuiliwa, na muda wa kumsafirisha hauhesabiwi humo. Kwa hiyo askari wa visiwani asiyeandika saa aliyong'oa nanga na saa aliyofika anajitafutia maswali ya wakili. Na mtuhumiwa avalishwe boya kabla ya wewe kuvaa lako. Asipigwe. Yule unayemkamata leo na timba (nyavu haramu) ndiye kesho atakayeona moshi kabla yako, na akiwa na kinyongo atanyamaza.

Jambo hilo la kuonana na wananchi lina kipengele kimoja ambacho watu hukiruka. Usukumani mwano, yaani yowe la hatari, ukipigwa, watu wote hutoka. Lakini mwano wa mwizi huwatoa na fimbo, na ukipigwa kwa ajili ya moto watafika na fimbo hizohizo. Kaeni na sungusungu na viongozi wa vitongoji mkubaliane: moto filimbi vipi, mtu majini vipi, kiboko au mamba vipi. Namba 114 ya Zimamoto na 112 ya Polisi ziandikwe mwaloni kwa rangi, pamoja na namba ya kituo chako, na mtu mmoja azipige mbele yenu ili mjue mtandao unafika pale au mpaka upande juu ya jiwe. Waelezwe pia mapema utaratibu wa kifuta jasho na kifuta machozi, yaani malipo ya serikali kwa walioharibiwa mazao, kujeruhiwa au kufiwa kwa sababu ya wanyamapori, maana mtu aliyefiwa si wa kuanza kufundishwa fomu.

Sanduku la huduma ya kwanza lifunguliwe na kukaguliwa. Aliyeungua amwagiwe maji safi yanayotiririka kwa dakika 20, bila dawa ya meno wala mafuta. Aliyeumwa na nyoka alazwe, kiungo kisitikiswe, asichanjwe wembe, apelekwe hospitali. Ulizia sasa ni ipi yenye dawa ya sumu, usiulize ukiwa na mgonjwa botini.

Na mkirudi, hata iwe saa 9 usiku na macho yamejaa moshi, mabomba yajazwe, tanki lijazwe, betri za radio ziwekwe chaji, ndipo mlale.