Mafuta ya tangawizi na karafuu ya kuchulia magoti

Ukienda Marikiti, nunua tangawizi kavu, si mbichi. Ile mbichi imejaa maji, na maji yakibaki ndani ya mafuta, chupa huota ukungu au hunuka baada ya siku chache. Hapa ndipo wengi huharibu.

Twanga gramu 50 za tangawizi na karafuu 10 hadi ziwe chengachenga. Unga laini hauchujiki vizuri. Tia katika bakuli la chuma pamoja na kijiko kimoja cha chai cha bizari ya manjano na mililita 250 za mafuta ya simsim au ya nazi. Weka bakuli juu ya sufuria ya maji yanayochemka polepole, kwa muda wa saa mbili, ukikoroga mara kwa mara. Usiyaweke moja kwa moja juu ya jiko: manjano huungua upesi, mafuta yakawa meusi na kunuka moshi. Vipovu vidogo vikitoka kwenye tangawizi, huenda bado ina unyevu. Endelea mpaka viishe. Chuja kwa kitambaa kikavu, tia katika chupa nyeusi iliyokauka kabisa.

Jaribu kwanza tone moja kwenye mkono, ungoje siku nzima, kwa kuwa karafuu huwasha ngozi za baadhi ya watu. Halafu chua dakika tano, asubuhi na jioni, na uvae kanga kuukuu, maana doa la manjano halitoki. Usipake kwenye kidonda. Goti lililovimba ghafla, likawa la moto, na homa juu yake, ni la hospitali siku hiyo hiyo.