Namna ya Kubuni na Kuchonga Kifaru Kizito Mno cha Taifa la Kubuni

Kijana wa Lamu anayetaka kuchonga kifaru cha vita cha majaribio cha taifa alilolibuni mwenyewe huvutiwa kwanza na mzinga. Nashauri aanze na ardhi, kwa kuwa ndiyo itakayoamua iwapo chombo hicho kinaweza kusogea.

Tuseme taifa hilo ni Uzimbi, na kifaru chake, Nyangumi, kina uzito wa tani 150, urefu wa mita 10 na upana wa mita 4. Minyororo yake miwili, yaani mikanda ya chuma ambayo kifaru hutembelea, ikiwa na upana wa mita 1 kila mmoja, na kugusa ardhi kwa urefu wa mita 6, eneo lote ni mita za mraba 12, na kila mita ya mraba hubeba tani 12.5. Ukiipunguza minyororo hiyo hadi nusu mita, mzigo unakuwa tani 25, na hakuna tope la mikoko litakaloustahimili maji yakishakupwa. Ndiyo maana Wamarekani walikipa kifaru chao kizito, T28, minyororo miwili kila upande, ule wa nje ukiweza kuondolewa ili kifaru kisafirishwe kwa reli. Mpango huo naupendelea sana kwa Nyangumi.

Kisha amua kitavukaje maji. Hapa kwetu, ambapo msafiri hushuka basi Mokowe na kuingia botini, swali hili haliwezi kuachwa pembeni. Maus, kifaru cha Ujerumani chenye tani 188, ilikuwa nzito mno kwa madaraja mengi. Kwa hiyo ilipangwa ipite chini ya maji ya mto, ikivuta hewa kwa bomba na kupokea umeme kwa waya kutoka kwa kifaru mwenzake kilichobaki ukingoni. Jambo hilo liliwezekana kwa sababu minyororo yake iliendeshwa na mota za umeme. Nyangumi nacho kipewe mota hizo, na bomba lionekane katika mchongo wako.

Sasa chonga kwa kipimo cha 1 kwa 20, yaani sentimita 50 kwa 20. Mbao ya mwembe inafaa, nayo mikanda ya tairi kuukuu itatosha kuwa minyororo. Bamba la mbele lilaze nyuzi 60 kutoka wima, kwani chuma cha sentimita 10 kikilazwa hivyo, risasi inayokuja mlalo hukutana na unene wa sentimita 20.

Mchongo ukipita juu ya mchanga wa Shela bila kuzama, usiuchukulie kuwa ushahidi. Vipimo vikigawanywa kwa 20, eneo la kugusa ardhi hugawanywa kwa 400 na uzito kwa 8,000. Hata ungeuunda kwa chuma kilekile, ungekandamiza mchanga mara 20 pungufu ya kifaru chenyewe. Itegemee hesabu ya karatasini.