Jinsi ya kuandika maisha ya mwanajimnastiki wa zamani: mfano wa Gösta Åsbrink

Anza na herufi. Siku ya kwanza kumtafuta Gösta Åsbrink nilifungua faharasa kwenye A, nikapekua jioni nzima, hayupo. Kumbe kwa Waswidi Å ni herufi inayojitegemea, na hukaa baada ya Z, ikifuatwa na Ä na Ö. Nenda mwisho kabisa wa orodha. Na ukiandika jina lake, kile kiduara cha juu kiache palepale. Jina la mtu halipunguzwi.

Ukishampata, usimpe peke yake ushindi wa watu wengi. Åsbrink, mzaliwa wa 1881, alipata medali ya dhahabu ya jimnastiki kwenye Olimpiki ya London mwaka 1908. Ukiishia hapo, msomaji ataona kijana mmoja anapinduka hewani huku akishangiliwa. Haikuwa hivyo. Waliingia Waswidi 38 pamoja, waamuzi wakapima kundi zima. Ile ni jimnastiki ya Pehr Henrik Ling, aliyeanzisha chuo chake Stockholm mwaka 1813: mkono, mgongo, pumzi, kila kiungo kwa zamu yake, kwa amri na kwa pamoja. Norwei walikuwa wa pili, Ufini wa tatu. Alama za mtu mmoja mmoja usizitafute, hazikutolewa.

Basi mfuate mahali aliposhindana mwenyewe. Kwa Åsbrink ni Olimpiki ya Stockholm, 1912, kwenye shindano la michezo mitano: kulenga shabaha, kuogelea, kupigana kwa vitara, kupanda farasi na mbio za nyika. Hapa kaa na hesabu, kwa sababu ndimo uhai wote wa habari ulimo. Nafasi yako katika kila mchezo ndiyo pointi yako. Wa kwanza 1, wa pili 2, na mwenye jumla ndogo ndiye bingwa. Bingwa, Mswidi mwenzake Lilliehöök, alipata 27. Åsbrink, 28. Wa tatu, De Laval, naye Mswidi, 30. Pointi moja! Angepanda nafasi moja tu katika mchezo mmoja kati ya ile mitano, jumla yake ingekuwa 27. Mweleze msomaji hivyo, ataielewa medali ile ya fedha kuliko ukimwambia tu kwamba alikuwa wa pili. (Wa tano alikuwa Mmarekani George Patton, ndiye jenerali wa baadaye. Wengi humkimbilia yeye. Wewe baki na mtu wako.)

Kisha kuna maisha ya nyumbani. Uswidi ya wakati huo, kanisa ndilo lililoandika kuzaliwa, ndoa na kuhama, na hifadhi ya taifa, Riksarkivet, imeweka vitabu vya parokia kwenye intaneti bila malipo. Åsbrink alifariki 1966. Baada ya Stockholm aliishi miaka 54, na wasimulizi huiruka kwa sentensi moja. Fungua daftari la waliohama, mfuate parokia kwa parokia, andika tarehe na mahali kila anapotokea. Kumbukumbu za siri hufungwa miaka 70, kwa hiyo ya miaka yake ya ujana utayasoma bila kizuizi.