Kufanya mazoezi ya baiskeli kwa kufuata mapigo ya moyo

Kilomita 30 kwa saa, upepo ukiwa mgongoni, si sawa na kilomita 30 kwa saa upepo ukikupiga usoni, ingawa spidi inayosomeka ni ileile. Kipima mapigo ya moyo huonyesha jinsi mwili unavyojituma kuupata mwendo huo. Kwa maoni yangu faida yake kubwa ni kumzuia mtu siku ya mazoezi mepesi, kwa maana wengi wetu hukaza mno siku hiyo, kisha siku ya mazoezi magumu hutufikia miguu ikiwa imekwisha kuchoka.

Mkanda wa kifuani hupima umeme unaotokea kila moyo unapopiga, ilhali saa ya mkononi hutumia mwanga, mara nyingi wa kijani, kufuatilia damu inavyopita chini ya ngozi. Kwa baiskeli nashauri mkanda, kwa kuwa anayeshika usukani hukunja kifundo cha mkono na kukaza misuli, na barabara ya vumbi humtikisa, hivyo saa hukosea hesabu, hasa mapigo yanapobadilika kwa haraka. Asiyependa kubanwa kifua atafute kifaa cha mwanga kinachofungwa juu ya kiwiko.

Kabla ya kuvaa mkanda, lowesha kwa maji zile sehemu mbili za ndani zinazogusa ngozi, kisha uufunge chini kidogo ya misuli ya kifua, ubane kiasi cha kutoteleza unapovuta pumzi ndefu. Watu huidharau hatua hii ya maji, kumbe ndiyo sababu ya kawaida ya kuona mapigo 200 dakika chache baada ya kutoka nyumbani, pumzi ikiwa bado imetulia: ngozi kavu haipitishi umeme vizuri, na jasho likianza kutoka tarakimu hurudi mahali pake. Ukimaliza, chomoa kile kifaa kidogo cha kupimia kilichobanwa kwenye mkanda, suuza mkanda na uuanike, kwani kikiachwa kwenye mkanda wenye unyevu kinaweza kuendelea kufanya kazi na kumaliza betri.

Sasa unahitaji kipimo chako mwenyewe. Kanuni ya kutoa umri wako kwenye 220 ili kupata mapigo ya juu kabisa ya moyo wako kwa dakika ni makadirio ya watu wengi kwa jumla, na mtu mmoja anaweza kuwa juu au chini yake kwa mapigo 10 na zaidi. Kupanga mazoezi yako yote juu yake ni kubahatisha. Njia bora ni jaribio ambalo kocha Joe Friel wa Marekani amelieneza. Chagua barabara isiyo na makutano wala matuta, au mlima mrefu usio mkali, na uwe umepumzika vizuri. Pasha mwili moto kwa dakika 15 au 20, kisha endesha peke yako kwa dakika 30 kwa nguvu kubwa unayoweza kuihimili mpaka mwisho. Wastani wa mapigo ya dakika 20 za mwisho ndio kizingiti chako, yaani kiwango cha mapigo ambacho ukikipita huwezi kuendelea kwa muda mrefu.

Tuseme kizingiti ni 170. Mazoezi mepesi ya kurudisha nguvu yatakuwa chini ya asilimia 81 ya kizingiti hicho, yaani chini ya mapigo 138. Safari ndefu za kujenga ustahimilivu, ambazo ndizo zinazostahili kuchukua saa nyingi zaidi za wiki, zitakuwa kati ya 138 na 151. Kuanzia 160 hadi 168 ni kazi ngumu iliyo karibu na kizingiti, inayofanywa kwa vipande vya dakika 8 hadi 20 vyenye mapumziko katikati. Ukipanda kilima siku ya safari ndefu na tarakimu zikapita 151, weka gia nyepesi na upunguze mwendo, hata kama wenzako wanakuacha.

Kwa mbio fupi za sekunde 30 usikitegemee kifaa, kwa sababu moyo huchelewa kupanda na unaweza kufika kileleni wakati umekwisha kuacha kukanyaga. Hapo pima kwa jinsi miguu inavyojisikia. Joto nalo huvuruga hesabu. Mtu anayeendesha Tanga au Mombasa saa tano asubuhi ataona mapigo yakipanda polepole ilhali nguvu anayotoa haijabadilika, kwa kuwa amepoteza maji na damu nyingi inapelekwa kwenye ngozi kuupoza mwili. Kunywa maji mapema, utoke alfajiri, na ukubali kwenda taratibu zaidi ili ubaki katika kiwango ulichopanga. Vivyo hivyo kwa mgeni anayepanda kutoka bonde la Kerio hadi Iten, mji wa Kenya ulio kwenye mwinuko wa takribani mita 2,400: siku za mwanzo moyo wake utapiga haraka zaidi kwa kazi ileile.

Kuna pia siku ambapo mapigo hayapandi hata ukikaza, na miguu ni mizito. Mara nyingi huo ni uchovu uliolundikana, na ni heri kugeuza baiskeli kuliko kulazimisha. Anayetumia dawa za presha za jamii ya beta bloka asitumie viwango hivi bila kumwona daktari, kwani dawa hizo huyashusha mapigo. Kifua kikiuma, kizunguzungu kikija au moyo ukidunda bila mpangilio, simama mara moja na uende hospitali.